Kabla ya kununua bodi ya FPGA, chora sakiti

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na vijana wanaojifunza Verilog, lugha ya kuelezea sakiti za kidijitali, pamoja na walimu wao. Wengi wanaanzia mwisho. Bodi ya FPGA, yaani chipu ambayo sakiti yake ya ndani unaipanga mwenyewe, inanunuliwa, inachomekwa kwenye kompyuta, msimbo wa mtu mwingine unanakiliwa, taa inawaka, watu wanapiga picha. Wakiambiwa wabuni sakiti yao wenyewe, hawajui pa kushika.

Kinachowaponza ni mazoea ya Python na C. Huko mstari wa kwanza hutekelezwa, ukafuata wa pili. Msimbo wa Verilog huelezea mageti (vipande vidogo vya mantiki) na rejista (vihifadhi vya biti) ambazo zote ziko kazini kwa wakati mmoja. Kitanzi cha for cha mara nane kwenye chipu hakizunguki mahali popote. Kinazaa vipande vinane vya sakiti, kila kimoja kikila nafasi yake. Ndiyo maana daftari na kalamu vitangulie kibodi: rejista ngapi, kila moja biti ngapi, na kati ya hii na ile kuna nini. Usipoweza kuichora, huna cha kuandika bado.

Bodi inaweza kusubiri. Icarus Verilog, inayoijaribu sakiti ndani ya kompyuta, na GTKWave, inayoonyesha mawimbi ya ishara zake, ni programu za bure, na hata laptopu ya mtumba inazimudu. Kwenye Ubuntu andika sudo apt install iverilog gtkwave. Tengeneza mafaili mawili: moja la sakiti, jingine la moduli ya kujaribia, ambayo kazi yake ni kuzalisha mapigo ya saa na riseti, ishara ya kurudisha rejista kwenye thamani ya kuanzia. Katika hilo la pili weka $dumpfile na $dumpvars, la sivyo GTKWave haitakuwa na mawimbi ya kuonyesha. Weka na $finish, amri ya kumaliza jaribio. Ukiisahau, saa itapiga bila kikomo huku faili la mawimbi likiijaza diski yako.

Sasa chukua zoezi la taa ya kuwaka na kuzima, ambalo watu hulidharau. Bodi ya Tang Nano 9K ina saa ya megahezi 27, yaani mapigo 27,000,000 kwa sekunde. Ukitaka taa ibadilike kila nusu sekunde, kaunta ihesabu kutoka 0 hadi 13,499,999, irudi sifuri na kuigeuza taa. Mwanafunzi anaandika reg [22:0], biti 23. Biti hizo zinaishia 8,388,607. Kaunta ikifika hapo inarudi sifuri yenyewe, ile 13,499,999 haiioni maisha yake yote, na taa inabaki ilivyo. Zinahitajika biti 24, ambazo hufika 16,777,215.

Lakini utashangaa: jaribio la kwenye kompyuta lilifaulu! Hakuna anayesubiri mapigo milioni kumi na tatu kwenye kompyuta, kwa hiyo kikomo huwekwa kama parameta, yaani thamani inayoweza kubadilishwa kutoka nje ya moduli, na katika moduli ya kujaribia hupewa thamani ndogo, tuseme 5. Kwa 5, biti 23 ni nyingi mno, kila kitu kinakwenda sawa. Kosa linakuja kuonekana kwenye bodi, ambako huwezi kuchungulia ndani kirahisi. Dawa ni kuacha upana ukokotolewe kutokana na kikomo chenyewe: reg [$clog2(KIKOMO)-1:0] kaunta, ambapo $clog2 hukokotoa idadi ya biti zinazohitajika. Kikomo kikiwa 13,500,000 utapata biti 24, kikiwa 5 utapata 3. Kisha kumbuka kwamba taa za bodi hiyo huwaka kwa 0 na kuzimika kwa 1, usije ukadhani umekosea tena.

Ukiona mstari mwekundu kwenye GTKWave, hiyo ni x, thamani isiyojulikana: rejista haikupewa thamani ya kuanzia. x ukiiongeza 1 inabaki x, kwa hiyo kaunta isiyo na riseti haitahesabu hata pigo moja.

Alama = na <= zinawasumbua wengi kuliko inavyostahili. Ndani ya always @(posedge clk), sehemu inayofanya kazi kila saa inapopiga, tumia <=. Ukiandika a <= b; b <= a; thamani zinabadilishana. Ukiandika kwa = zote mbili zinaishia na thamani ya b. Alama ya = iachie always @(*), sehemu isiyoisubiri saa, na humo kila ishara ipe thamani ya kawaida mwanzoni kabisa, kwa sababu if isiyo na else hulazimisha kifaa kukumbuka thamani ya zamani, na hapo inazaliwa lachi, kihifadhi kisichofuata saa, ambayo hukuiomba. Programu hutoa onyo kuhusu hilo, ila nani anasoma maonyo? Na kuchelewesha kwa #10 ni kwa majaribio tu. Kwenye chipu hakuna kitakachochelewa.

Ubishi wa Verilog na VHDL, lugha nyingine ya kazi hiyohiyo, ni wa kijiweni. Fuata ile anayoijua mwalimu wako. VHDL ni kali zaidi kwenye aina za data, nayo ina programu yake ya kujaribia, GHDL, ya bure vilevile.

Kwa walimu nina ombi: nusu ya alama ziende kwenye moduli ya kujaribia, tena iwe inayolinganisha majibu yenyewe na kupiga kelele pakiwa na kosa. Bodi moja itatosha kundi zima.

Zoezi la pili liwe kitufe. Kitufe hakiifuati saa, kwa hiyo kipitishwe kwanza kwenye flipu-flopu (rejista za biti moja) mbili zilizofuatana. Tena vyuma vyake hugusana na kuachana mara kadhaa kabla ya kutulia, hivyo sakiti isubiri ishara itulie milisekunde 20. Kwa megahezi 27 hayo ni mapigo 540,000, na biti 19 zinaishia 524,287. Mpe mwanafunzi msimbo wenye biti hizo 19, pamoja na jaribio lililofaulu kwa kikomo cha 5, kisha mwulize kwa nini kitufe kwenye bodi hakiitikii.

Mhandisi wa elektroniki,
Dar es Salaam