Ruta zinazolala stoo zipewe vijana wajifunzie

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa vitengo vya TEHAMA katika mabenki, hospitali, vyuo na taasisi za umma. Zile ruta na swichi (vifaa vya kuunganisha kompyuta na mitandao) mlizozing'oa mlipofunga mpya, msizifungie stoo mpaka zioze. Wapeni vijana wafanyie mazoezi.

Mimi ni fundi mitandao, mkazi wa Tabata, na nyumbani nina maabara yangu: ruta tatu za Cisco 2811, swichi mbili za Catalyst 3560 na kompyuta moja ya mezani. Vyote ni mitumba, nilivikusanya kidogo kidogo, vingine Kariakoo, vingine kwa mafundi wenzangu. Vimekaa kwenye rafu ya chuma koridoni kwa sababu feni zake zinavuma, chumbani hapalaliki. Najiandaa na mtihani wa CCIE, cheti cha ngazi ya juu cha ufundi wa mitandao kinachotolewa na kampuni ya Cisco, na jioni huja vijana wawili wa mtaani, wahitimu wa stashahada, ambao walimaliza chuo bila hata kushika kebo ya konsoli, ile ya kuunganisha kompyuta na ruta ili kuipangilia.

Majuzi niliwategea hitilafu. Ruta mbili zinazotumia OSPF, itifaki ambayo kwayo ruta hupeana taarifa za njia, niliziwekea MTU tofauti, yaani ukubwa wa pakiti ambayo mlango wa ruta unaweza kuipitisha: upande mmoja 1500, wa pili 1400. Vijana wakapima kwa ping, yaani ujumbe mdogo wa kuuliza kama kifaa cha pili kinajibu, majibu yakaja safi. Wakakagua anwani, ziko sawa. Lakini ruta zilikuwa zimeonana na kukwama kwenye hatua ya Exstart, hazipeani njia. Wakahangaika mpaka wakawasha debug, yaani taarifa za kinachoendelea ndani ya ruta, na kuzisoma mstari kwa mstari, ndipo wakaona kwamba ruta hizi hutajiana MTU zinapoanza kubadilishana taarifa, na ile yenye kipimo kidogo huzikataa taarifa za mwenzake. Ping ilipita kwa sababu pakiti zake ni ndogo. Yule mdogo alipiga ukelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Jambo hilo lipo vitabuni na walikuwa wamelisoma, ila hawakuwa wamewahi kuliona likitokea mbele yao.

CCIE yenyewe haina huruma na mtu aliyekariri. Kwanza unafaulu mtihani wa kompyuta unaogharimu dola 400, halafu unakwenda kwenye mtihani wa vitendo wa saa 8: saa 3 za usanifu, saa 5 za kujenga mtandao, kuuendesha na kuuboresha. Ada ya huo wa vitendo si chini ya dola 1,600, na wengi wetu tunapaswa kusafiri nje kuufanya, Dubai kwa mfano. Kijana asiye na kifaa cha kufanyia mazoezi anaishia kununua maswali yaliyovuja na kuyameza. Anapata cheti cha ngazi ya chini, anaajiriwa, na siku mtandao wa hospitali unapokatika anabaki kuzima na kuwasha ruta.

Najua atatokea wa kuniambia kwamba siku hizi kila kitu kinafanyika ndani ya laptopu. Ni kweli, na mimi mwenyewe natumia programu za kuigiza mitandao za GNS3 na EVE-NG kila siku. Packet Tracer nayo ni ya bure na inafaa sana kwa anayeanza. Lakini ruta ya kuigiza ya CSR 1000v inataka karibu gigabaiti 4 za RAM peke yake. Panga ruta kumi uone ni laptopu ya nani itahimili. Kijana mwenye laptopu ya gigabaiti 4, na hao ndio wengi, hafiki popote. Ni kweli pia kwamba vifaa vya zamani havitoshi kwa mtihani wote, maana tangu Februari 2020 umeingiziwa SD-WAN, yaani kuendesha mtandao wa matawi kwa programu, na uandishi wa programu kwa Python. Hata hivyo OSPF na BGP za kwenye 2811 ndizo hizo hizo, na BGP ndiyo inayoamua njia ya intaneti yetu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, nchi nzima iliyumba, na waliohangaika kuhamishia mizigo ya data kwenye njia zilizobaki ni watu wanaoijua BGP kwa vitendo.

Kinachowafanya wakuu wasite ni usalama, na hofu hiyo ni ya haki. Ruta iliyotoka kazini inabeba nywila na funguo za VPN (njia za siri za mtandao), na zile nywila zilizofichwa kwa mtindo wa zamani wa Cisco, aina ya 7, mtu huzifumbua kwa sekunde chache. Dawa yake ipo. Futa usanidi uliohifadhiwa, yaani mipangilio ya kifaa. Kwa swichi futa pia faili la vlan.dat, linalotunza mgawanyo wa mitandao ndani ya swichi, kwa sababu lenyewe hubaki kwenye kumbukumbu ya flash hata usanidi ukishafutwa. Washa upya, uhakikishe kifaa kinakuuliza maswali ya kuanza kama kipya. Kisha badilisha nywila na funguo zozote zilizokuwa humo kama bado zinatumika kwingine.

Kwa taasisi za umma najua mali haitolewi kiholela. Basi katika taratibu hizo hizo za kuondosha vifaa chakavu, vyuo vya ufundi na VETA wafikiriwe kabla ya wanunuzi wa vyuma. Taasisi itakayokubali lakini ikakosa mtu wa kusafisha vifaa hivyo, mimi nitakuja Jumamosi na kebo yangu ya konsoli, nivifute mbele ya ofisa wenu wa usalama, bila malipo.

Fundi mitandao,
Tabata, Dar es Salaam