Sailensi ya asubuhi si ugonjwa wa gari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo linalowatia hasara wenye magari ya zamani, hasa sisi wa nyanda za juu. Hapa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mwezi Juni na Julai gari huamka limelowa umande, na ukiliwasha injini hunguruma kwa mizunguko 1,500 hivi kwa dakika, karibu maradufu ya ile 700 au 800 inayotakiwa ikishapata moto. Wengi tukisikia mlio huo tunaona gari linaumwa, na tukilalamika gereji, fundi huchukua bisibisi akaishusha sailensi, yaani kasi ya injini gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta, papo hapo.

Ndivyo nilivyofanyiwa mwaka jana kwa Corolla yangu ya mwaka 1996, ambayo sailensi yake ilikuwa juu asubuhi na hata mchana. Fundi alilipokea saa sita likiwa limetoka safarini, akakaza skrubu ya hewa iliyo kwenye throto, mlango wa hewa iingiayo kwenye injini, mpaka injini ikatulia tuli, nami nikalipa nikaondoka nimeridhika. Kesho yake alfajiri liliwaka, likatetemeka, likazima. Nililiwasha mara nne, na nilipofanikiwa kutoka nilikuwa nashikilia resi kila niliposimama njia panda.

Injini ya baridi ina mahitaji yake. Oili iliyolala usiku kucha huwa nzito, na petroli ikikutana na chuma cha baridi haigeuki mvuke vizuri, bali nyingine hubaki matone kwenye kuta za manifoldi, mabomba yanayopeleka hewa kwenye injini. Kwa hiyo kompyuta, ikiarifiwa na sensa ya joto la maji, huongeza petroli, na hewa nayo haina budi kuongezwa. Katika Toyota kadhaa za miaka ile, sehemu ya hewa hiyo hupitia vali ndogo chini ya throto, yenye nta ndani yake. Nta ikiwa baridi njia huwa wazi, na maji yanayozunguka kwenye injini yakipata moto nta hutanuka na kuiziba taratibu, ndiyo maana mshale wa mizunguko hushuka wenyewe bila mtu kugusa kitu. Kwenye magari ya kabureta, yasiyo na kompyuta ya petroli, kazi ya kuisaidia injini ya baridi hufanywa na choki.

Fundi wa pili niliyemwendea hakugusa skrubu kwanza. Alifungua mahali pa themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, akakuta patupu. Kuna aliyeitoa zamani, kwa ile imani iliyoenea gereji nyingi kwamba bila themostati injini haichemki. Matokeo yake, maji yalikuwa yakikimbilia kwenye rejeta tangu gari linapowashwa, na kwa baridi ya huku injini haikupata moto wa kutosha hata baada ya safari: kompyuta ilidhani bado ni alfajiri ikaendelea kumwaga petroli, nta haikutanuka, sailensi ikabaki juu, na adhabu ikaishia kwa skrubu isiyo na kosa. Aliweka themostati mpya inayofunguka kwenye nyuzi 82, akajaza kulanti, maji ya kupozea injini, na kutoa hewa iliyonaswa, kisha akairudisha skrubu. Sasa mshale huanza 1,500 na baada ya dakika chache huwa 750. (Wala sihitaji kuliacha lingurume dakika ishirini nje ya dirisha la jirani, dakika moja inatosha, kisha naondoka polepole.)

Sisemi kwamba sailensi ya juu haiwi kasoro kamwe. Ikiwa injini imeshapata moto na mshale bado uko juu, au unapanda na kushuka, hapo utafutwe mpira wa hewa uliopasuka, throto iliyojaa uchafu au maji yaliyopungua. Ninachowaomba mafundi ni kwamba mteja akilalamikia mlio wa asubuhi, gari lilale gereji, nao waliwashe wenyewe alfajiri kabla ya kushika bisibisi.

Msomaji wako,
Njombe