Kuchemsha hakuondoi sumu ya uyoga

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako ili nisahihishe jambo lililochapishwa wiki iliyopita kwenye safu ya mapishi, ambapo wasomaji walielezwa kwamba uyoga wa porini hauna madhara tena ukishachemshwa na maji ya kwanza kumwagwa. Naamini mwandishi alikuwa na nia njema, hasa msimu huu wa masika ambapo uyoga huchipuka penye kila kichuguu na kila penye samadi. Hata hivyo, ushauri huo unaweza kumwua mtu, wala sisemi hivyo kwa kutia chumvi.

Imani hiyo nilikutana nayo nyumbani kwangu Kawangware siku chache kabla ya safu hiyo kutoka. Mtoto wa kaka yangu, ambaye anasoma chuo kikuu, alikuja na mfuko wa karatasi uliojaa uyoga mdogo wa hudhurungi, waliouchuma yeye na wenzake kwenye malisho ya ng'ombe upande wa Ngong. Nilipombana kidogo alikiri kwamba walikuwa wakitafuta ule unaolevya na kumfanya mtu aone maruweruwe. Nilichukua shina moja nikalifinya kwa vidole, na baada ya muda mfupi pale nilipofinya pakawa na rangi ya buluu, kama kidole cha mpiga kura. “Usijali, Shangazi,” akaniambia, “tutauchemsha kwanza, moto unapunguza makali.” Nilipomwuliza ni nani aliyempa hakikisho hilo, alisema kila mtu anajua.

Nadhani najua “kila mtu” huyo alikopata elimu yake, kwa sababu nilifundisha sayansi kimu kwa miaka mingi na nililisema jambo linalofanana na hilo mbele ya wanafunzi wangu. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu, na tunayachemsha kwa nguvu hadi sumu hiyo iharibike. Muhogo mchungu nao hulowekwa, huanikwa na kupikwa ndipo uliwe. Tatizo ni kwamba sumu ya maharagwe ni protini, yaani kitu kikubwa kilichokunjwakunjwa, na joto huikunjua ikapoteza kazi yake jinsi ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango. Ya muhogo hutoka kwa sababu inageuka hewa na kupaa. Hakuna sababu yoyote ya kudhani kwamba kila sumu itafuata mojawapo ya njia hizo mbili.

Psilosibini, ambayo ndiyo kemikali inayolevya katika uyoga wa aina hiyo, ilitenganishwa mwaka wa 1958 na Mswisi Albert Hofmann wa kampuni ya Sandoz mjini Basel, kutokana na uyoga wa Meksiko. Si protini. Ni molekuli ndogo isiyoyeyuka kwa joto mpaka zipite nyuzi 200, ilhali sufuria yetu ya maji hapa Nairobi haifiki hata nyuzi 100: tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kipimajoto changu cha jikoni huonyesha nyuzi 94 maji yanapotokota. Kemikali hiyo huingia kwenye maji, kwa hiyo sehemu ya kile kijana anachodhani kimeungua huwa kimehamia kwenye supu, na ikifika mwilini hugeuzwa kuwa psilosini, ambayo ndiyo inayofanya kazi kwenye ubongo. Ni kweli kwamba baadhi yake huharibika ikikaa kwenye joto na hewa, na buluu ile niliyoiona ni dalili ya psilosini kuharibika. Lakini hakuna mpishi anayeweza kutazama sufuria akajua kilichobaki, hasa kwa kuwa nguvu ya uyoga mmoja na wa pembeni yake hutofautiana sana.

Hayo ni ya kulewa. Kuna mabaya zaidi, na hapa ndipo safu yenu iliponitia hofu. Upo uyoga mdogo wa hudhurungi wa jamii ya Galerina, ambao huweza kudhaniwa kuwa ule wa maruweruwe, na ndani yake mna amatoksini, sumu ileile iliyomo katika Amanita phalloides, uyoga unaoongoza kwa kuua watu duniani. Amatoksini haivunjwi kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha wala kugandisha. Aliyeula hajisikii vibaya mara moja. Hupita saa 6 hadi 12, wakati mwingine 24, ndipo kutapika na kuharisha kunapoanza, na kwa kuwa ameshakula vyakula vingine katikati, lawama humwendea muuza chipsi. Kisha hupata nafuu ya siku moja hivi, akarudi kazini au darasani, huku ini lake likiendelea kufa. Wengine huokolewa tu kwa kubadilishiwa ini.

Najua vilevile kwamba Australia, tangu Julai 2023, inawaruhusu madaktari wa akili walioidhinishwa kutumia psilosibini kwa wagonjwa wa sonona ambao tiba nyingine zimeshindwa, na kijana wangu hakukosa kunikumbusha. Hiyo ni dawa iliyopimwa kwa miligramu, na daktari yuko kando ya kitanda. Haihusiani na sufuria ya hosteli.

Ninachoomba ni kwamba usahihisho uchapwe kwenye ukurasa uleule wa mapishi, kwa herufi za ukubwa uleule, useme wazi kwamba uyoga usiojulikana hauliwi hata ukichemshwa mara tatu. Uongezwe pia kwamba anayetapika baada ya kula uyoga wa porini apelekwe hospitali hata kama ameanza kupata nafuu, na mabaki ya uyoga huo, mabichi au yaliyopikwa, yabebwe pamoja naye. Mfuko wa kijana wangu niliutumbukiza chooni, naye bado amenuna.

Mwalimu mstaafu,
Kawangware, Nairobi