Fosfeti nyingi shimoni hunyamazisha mizizi

Ndugu Mhariri,

Ushauri unaosambaa kwa wakulima, wa kutia kiganja cha mbolea ya fosfeti na unga wa kuvu wa mikoriza (kuvu wanaoishi mizizini na kuupa mmea fosfeti) katika shimo moja la kupandia, unajipinga wenyewe. Mkulima hulipia vitu viwili, kisha kimoja kinakizuia kingine.

Kuvu hauingii mzizini kwa kubahatisha. Mmea ukipungukiwa fosforasi, kirutubisho kilichomo katika fosfeti, mizizi hutoa strigolaktoni, kemikali inayofanya kazi hata ikiwa chache mno. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kuwa ndiyo inayoufanya uzi wa kuvu kuchipua matawi mengi karibu na mzizi. Kuvu nao hujibu kwa vipande vifupi vya kitini, kijenzi cha kuta za seli zake. Mmea ukivitambua, kalsiamu hupanda na kushuka ndani ya viini vya seli za mzizi, na kuvu hupokewa. Humo ndani hujigawa kama kijiti chenye vitawi vingi. Hapo hutoa fosfeti na kupewa sukari, pamoja na mafuta ambayo hauwezi kujitengenezea.

Mmea ulioshiba fosforasi hupunguza strigolaktoni, yaani mwito wake kwa kuvu. Kusogeza mbolea pembeni hakusaidii sana, kwa sababu kinachoamua ni shibe ya mmea mzima. Basi udongo upimwe kwanza. Fosforasi ikitosha, usiongeze.

Hatusemi fosfeti iachwe kabisa. Strigolaktoni hizohizo huamsha mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, na shamba lenye gugu hilo likiachwa na njaa ya fosforasi, mahindi na mtama huliita kwa nguvu zaidi. Hapo mbolea ya kiasi ni kinga.

Kosa jingine ni kumwaga unga juu ya ardhi. Strigolaktoni huvunjika upesi udongoni, kwa hiyo mwito hufika milimita chache tu. Unga lazima uguse mbegu au mizizi ya mche. Kwa kabichi, haradali na figili usinunue kabisa. Jamii hiyo haishirikiani na kuvu hawa.

Maabara yoyote ya shule yenye hadubini inaweza kuthibitisha kama kuvu umeingia mizizini. Wiki sita hivi baada ya kupanda, osha mizizi myembamba, ichemshe katika myeyusho wa potasiamu haidroksaidi wa asilimia 10 mpaka ipauke (vaa glavu na miwani, unaunguza vibaya), isuuze vizuri, kisha ichemshe dakika 3 katika siki yenye wino mweusi asilimia 5. Iloweke kwenye maji yenye matone ya siki ili wino wa ziada utoke. Nyuzi na vijiti vya kuvu vitabaki vimekolea rangi. Visipoonekana, huenda unga ulikufa kwa joto ghalani, au mmea umeshiba.

Tunaomba wauzaji waandike kwenye pakiti aina ya kuvu, idadi ya spora (chembe za uzazi za kuvu) hai kwa gramu, tarehe ya mwisho wa matumizi na mazao yasiyofaa.

Wataalamu wa udongo na mimea