Risala ya Klabu ya Historia kwa mgeni rasmi, balozi mstaafu

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni na karibuni sana.

Sisi wanaklabu tumefurahi mno kukupata, maana muhula huu tulikuwa na mada moja tu, hivi mabalozi wa nje waliokaa Moscow enzi za Usovieti walijuaje yanayoendelea Kremlin, makao ya viongozi wa nchi, wakati hakuna anayewaambia kitu? Tulidhani ni ujasusi mtupu, kumbe kazi kubwa ilikuwa kukodoa macho na kusoma Pravda, gazeti la Chama cha Kikomunisti, mstari kwa mstari!

Mfano Juni 1953, Stalin kafa Machi, vigogo wanakwenda opera pale ukumbi wa Bolshoi, gazeti linataja waliohudhuria na Beria hayumo. Mtu aliyeshika polisi wa siri, nchi nzima inamwogopa, jina halipo na hakuna maelezo, mpaka tarehe 10 Julai ndo inatangazwa keshaangushwa. Desemba akapigwa risasi.

Gwaride nalo, mabalozi wanaangalia kigogo gani kasimama wapi juu ya jengo la kaburi la Lenin. Novemba 1983 Andropov, kiongozi wa nchi wakati huo, hakutokea kabisa, watu wakaambiwa ana mafua (mafua gani hayo jamani), Februari redio ikaacha vipindi vyake ikaanza kupiga miziki ya huzuni, wazoefu wakajua tayari kafa. Halafu unatazama nani mwenyekiti wa kamati ya mazishi: ya Brezhnev, aliyemtangulia, 1982 alikuwa Andropov, ya Andropov akawa Chernenko, ya Chernenko 1985 akawa Gorbachev, na kila mmoja ndiye aliyekuja kushika chama. Hapo darasa zima lilicheka.

Ila mheshimiwa, wengine wetu tunabisha. Njia hiyo inakuonyesha nani kapanda nani kashuka, haikuambii mwananchi kwenye foleni ya duka anawaza nini, na mabalozi wenyewe kutoka nje ya Moscow ilikuwa mpaka kibali.

Changamoto zetu ni za kawaida, projekta hatuna, na ramani yetu ya ukutani bado ina Usovieti mzima mzima. Ila ombi kubwa ni hili, wewe ulikuwa ubalozini kule miaka hiyohiyo, leo usitupe hotuba, tusimulie tu mlikuwa mnaandika nini nyumbani siku mlipokuwa hamjui kitu.

Tunaomba kuwasilisha.