Huyo farasi hajapumzika

Bamburi, Mombasa

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifika, nasi huku hatujambo, alhamdulillahi. Nimefurahi kwamba hatimaye umepata farasi wako. Lakini pale ulipoandika kuwa wageni wa kumpanda wamepungua, kwa hiyo umempa likizo, wiki ya pili sasa kafungwa chini ya mwembe anakula na kulala, moyo wangu ulishtuka. Sahibu, huyo hajapumzika. Huyo anaumia.

Umekulia Lamu na punda, nami naona unamchukulia farasi kama punda aliyerefuka. Farasi kaumbwa kwa mwendo. Akiachiwa malisho hula kidogo kidogo huku akipiga hatua, hata saa 16 kwa siku. Tumbo lake ni dogo kwa mwili ule, asidi haikomi kutoka hata akiwa hana kitu, na kutapika hawezi. Akikaa pahala pamoja, matumbo nayo hulegea, ndipo msokoto wa tumbo unapomshika. Msokoto huua, tena kwa saa chache.

Umeniuliza mbona miguu ya nyuma inaamka imevimba. Chini ya goti farasi hana misuli, ni kano na mifupa tu. Kinachosukuma damu irudi juu ni kwato, kila anapokanyaga. Akisimama kutwa kucha, maji hutuama miguuni. Mtembeze nusu saa utaona uvimbe unashuka. Ila ukikuta mguu mmoja tu umevimba na una moto, usimtembeze, mwite daktari wa mifugo.

Na hii nakwambia kwa yaliyonipata. Masika moja mvua haikukatika, nikamweka jike wangu bandani siku tisa, na pumba na mahindi nikamjazia vile vile kama siku za kazi. Nilidhani namfanyia hisani. Siku ya kumi nikamtandika, hatukufika hata ufukweni. Alisimama ghafla, jasho linamchuruzika, mapaja nikiyagusa ni magumu kama ubao. Akakojoa, mkojo rangi ya kahawa chungu. Daktari akaniambia misuli inajivunja na kuziba figo, asivutwe hata hatua moja. Alipona, lakini ule mtazamo wake naukumbuka mpaka leo. Kwa hiyo siku asipofanya kazi, punguza nafaka, nyasi usipunguze.

Mtoe kila siku, hata pasipo mgeni. Toka alfajiri kabla jua halijakaza, maji ya bahari yakiwa yametoka, upite kwenye mchanga mgumu. Ule laini wa juu huchosha kano. Anza kwa kutembea, kisha mwendo wa mchakamchaka, na umalize kwa kutembea mpaka pumzi itulie. Akiingia baharini, msuuze kwa maji baridi ya kisima. Joto letu hili lina unyevu, na wapo farasi ambao huacha kabisa kutoa jasho. Ukimwona anahema sana na ngozi i kavu, mwagie maji, mweke kivulini, na daktari aje. Ndoo ya maji isikauke: kwa siku hunywa lita 30, 40, na jua likiwa kali huzidi.

Kwato uzitazame asubuhi na jioni. Inua mguu, chokoa uchafu toka kisiginoni kwenda mbele, kisha nusa. Ndiyo, nusa. Ile nyama laini ya pembe tatu katikati ikitoa uvundo na utando mweusi, inaoza, na hiyo hutokana na kusimama kwenye mkojo na matope. Banda liwe kavu. Kila wiki 6 hadi 8 fundi azikate, maana hukua kama kucha zetu. Meno yatazamwe mara moja kwa mwaka. Jua likizama mwingize ndani, visubi vya magharibi ndivyo vinavyoleta ile homa ya farasi, na muulize daktari habari ya chanjo yake.

Jambo jingine, yuko peke yake? Farasi ni mnyama wa kundi. Kama huna wa pili, mtafutie hata mbuzi wa kukaa naye.

Jumamosi nitapanda matatu ya kwanza nije, nikuletee jiwe la chumvi la kulamba na chuma changu cha kuchokolea kwato. Mpaka hapo mfungue, mwongoze kwa kamba, dakika 20 asubuhi na 20 jioni, taratibu. Na hayo mahindi usimpe kwanza.

Wasalaam,
Sahibu yako