Pendekezo la nishani liandikwe kwa ushahidi

Mhariri,

Kila inapokaribia Jamhuri Dei, 12 Desemba, malalamiko huwa yaleyale: nishani zimekwenda kwa wanasiasa na maafisa wakubwa. Yana ukweli. Lakini Sheria ya Nishani za Taifa ya Kenya ya 2013 haikumfungia nje mkulima, muuguzi wala mwalimu. Inataja ushujaa na kujitolea, na pia mchango wa kipekee katika uchumi, sayansi, elimu, michezo, hata uandishi wa habari.

Anayempendekeza mtu aanze na kitendo, sifa zije baadaye. "Ni mcha Mungu na mpenda watu" hakupimiki. Andika alifanya nini, wapi, mwaka gani, waliofaidika ni wangapi na nani anaweza kuthibitisha. Ambatisha picha, barua za kijiji au shule, na jina kama lilivyo kwenye kitambulisho. Herufi moja ikikosewa, cheti nacho kitakosewa.

Madaraja nayo huchanganywa. Nishani ya Moyo wa Dhahabu ina ngazi tatu, kuanzia ya juu: CGH (Chief), EGH (Elder) na MGH (Moran). Ile ya Mkuki Uwakao nayo ina CBS, EBS na MBS, kwa mpangilio uleule. Kisha kuna OGW (Order of the Grand Warrior). HSC, pongezi za Mkuu wa Nchi, ina tawi la raia na la wanajeshi. Mwanariadha Eliud Kipchoge, kwa mfano, alipewa EGH mwaka 2019, siku chache baada ya kukimbia kilomita 42 na ushei chini ya saa mbili jijini Vienna.

Kamati zinazopitia mapendekezo nazo zichapishe, pamoja na kila jina, sentensi mbili za sababu. Orodha ya majina na vyeo vya kazi peke yake ndiyo inayozaa minong'ono.

Msomaji, Nakuru